Ushuani ni Uzunguni au Gangilonga?

Ukialikwa harusini ukakalishwa meza moja na watu usiowajua, baada ya salamu na soda ya kwanza litakuja swali: "Mnakaa wapi siku hizi?" Mwenzangu, usidhani mtu huyo anataka kuwatembelea. Anawapima. Dar es Salaam ukijibu Masaki au Oysterbay watu wanajiweka sawa kwenye viti, ukijibu Mbagala unapewa pole ya foleni. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusijifanye watakatifu, mizani tunayo. Mbeya majibu yanayompendeza muulizaji ni Uzunguni, Forest na, kwa miaka ya karibuni, Isyesye. Iringa ni Gangilonga au Wilolesi, basi, huna haja ya kuendelea.

Mimi na mume wangu swali hilo lilitukera kwa sababu tulikuwa na majibu mawili. Kwa miaka miwili ya ndoa yetu yeye amekaa Mbeya akiuza pembejeo za kilimo, na mimi nimekaa Iringa kwenye uhasibu. Kati yetu kuna kilometa kama 330 za barabara ya TANZAM, mwendo wa saa tano au sita kwa basi, na mkikuta malori yamekwama huko mlimani Inyala ni zaidi ya hapo. Ndoa yetu tuliipa jina: ndoa ya stendi. Ijumaa mmoja anapanda basi, Jumapili anageuza. Mapenzi ya namna hiyo yana utamu wake, sikatai, kila wiki ni kama uchumba. Lakini piga hesabu ya nauli, halafu piga hesabu ya zile Jumapili ambazo tangu chai ya asubuhi mmoja wenu anaangalia saa. Unaona kabisa kuna kitu kinaliwa polepole.

Bahati nzuri mwajiri wake ana tawi Iringa na wangu ana ofisi Mbeya. Mmoja wetu ilikuwa lazima aandike barua ya kuomba uhamisho. Sasa nani? Hapo ndipo tulipokubaliana tuchukue likizo pamoja, tuizunguke mitaa ya kishua ya miji yote miwili kama watu wanaojaribu viatu dukani, tuone kipi kinabana wapi.

Tulianza kwetu, Iringa. Nasema kwetu kwa sababu nimezaliwa Kihesa, na mume wangu alilalamika tangu siku ya kwanza kwamba refa ametoka timu moja.

Kitu anachokigundua mgeni wa Iringa ni kwamba mji uko juu na barabara kuu iko chini. TANZAM inapita Ipogolo, karibu na mto Ruaha Mdogo, na mwenye shughuli mjini anaiacha barabara anapanda kilima. Lori la kwenda Tunduma halina sababu ya kupanda. Hilo peke yake limeupa mji utulivu ambao hakuna halmashauri ingeweza kuununua. Jina lenyewe Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, na Wajerumani waliojenga boma lao hapa miaka ya 1890, baada ya kuivunja ngome ya Mkwawa kule Kalenga mwaka 1894, walijua wanachokitafuta. Walitaka mahali pa kuonea mbali, penye upepo na pasipo mbu wengi.

Gangilonga ipo katika sehemu hiyo hiyo ya juu. Maana yake ni jiwe linaloongea, na jiwe lenyewe lipo, kubwa kweli, limeuinamia mtaa. Husimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari na ndipo alipopata habari kwamba Wajerumani wanakuja. Siku hizi jioni wanapanda vijana na simu zao kulisubiri jua lizame, na sidhani kama kuna wachumba wa Iringa wasio na picha pale. Chini ya jiwe ndiyo mitaa yenyewe: barabara pana, ua wa michongoma uliokatwa vizuri, mijakaranda ambayo ikifika Oktoba na Novemba inamwaga maua ya zambarau mpaka lami haionekani. Nyumba zimekaa katikati ya viwanja vikubwa. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya maofisa, kwanza wa mkoloni na baadaye wa serikali yetu, na kuanzia mwaka 2002 serikali ilipowauzia watumishi wake nyumba za umma nchi nzima, mitaa ya aina hii ilianza kubadilika taratibu kutoka kota za kazini kuwa mali za wastaafu. Ukipita leo unaona dalili zake. Bustani ni ya mtu mwenye muda. Gari lililopaki ni la zamani, limetunzwa.

Nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa hivyo. Vyumba vitatu, sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, baraza la mbele unaloweza kuweka viti vinne na meza. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alitupokea mwenyewe getini.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

"Ninyi ni watoto wa nani?"

Nikamtajia mama yangu na kanisa tunalosali. "Aaa! Basi huyu ni mwanangu. Na huyu kijana?"

"Mume wangu, mama. Mtu wa Tukuyu."

"Mnyakyusa," akasema, kama daktari anayesoma majibu ya kipimo, halafu akacheka na sisi tukacheka. Akatupa masharti. Misumari ukutani hapana. Kuku hapana. Gari lisilale kwenye majani. Kodi ya miezi sita mbele. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu, akauliza kwa heshima zote: "Mama, na majirani zetu watakuwa akina nani?"

Mama akafikiri. "Kushoto mzee yuko Dar kwa mtoto wake, anatibiwa. Kulia wenyewe wako Dodoma, yupo mlinzi. Mkishaingia humu, wanangu, hakuna wa kuwasumbua."

Mimi nililisikia hilo kama sifa. Nilipomgeukia mume wangu nikaona yeye amelisikia kama hukumu.

Wilolesi nako tulifika. Ni Gangilonga iliyopanda juu zaidi, nyumba mpya zaidi, kuta ndefu zaidi, na upepo wa mchana unaokufanya ushike kitambaa kichwani. Mandhari ni ya kuua mtu. Kwingine tulipita haraka. Kihesa naipenda, lakini tangu vyuo vikue, wa Chuo Kikuu cha Iringa kule Semtema na wale wa Mkwawa, kila mwenye uwanja amejenga vyumba vya wanafunzi, na wikiendi muziki hauna adabu. Kihesa Kilolo ni viwanja vya kisasa, nyumba zina mabati ya rangi, wanaojenga wengi ni watumishi wa rika letu. Tuliipa alama, tukaiweka pembeni.

Jambo la Iringa ambalo halimo kwenye tangazo la dalali lolote ni chakula cha mchana. Mji ni mdogo. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 202,490 katika Manispaa ya Iringa, wakati Jiji la Mbeya lilikuwa na 541,603. Ukikaa Gangilonga ukafanya kazi Miyomboni au Uhindini, saa saba unarudi nyumbani kwa miguu, unakula na mumeo, unapumzisha miguu dakika kumi na saa nane uko ofisini. Kwa wanandoa ambao wamezoea kula pamoja mara mbili kwa wiki, hiyo siyo anasa ndogo. Nilimwambia: hesabu milo kumi ya ziada kila wiki, mume wangu, hesabu vizuri.

Akahesabu. Akakiri kwamba ni mingi. Halafu akanikumbusha kwamba tulipotoka kwa yule mama tukapita sokoni kununua nyanya za Ilula, tulipofika nyumbani Kihesa mama yangu alikuwa tayari anajua nyumba ina vyumba vingapi, kodi yake, na kwamba mkwewe ameuliza habari za majirani. Hatukuwa tumempigia simu.

Wiki ya pili tukaanza safari ya Mbeya. Mafinga na misonobari yake, Makambako kwenye njia panda ya Njombe, kisha kushuka Chimala na tambarare ya mpunga ya Igurusi, joto linapanda mpaka unavua sweta, halafu mlima tena na sweta linarudi mwilini. Ukishafika Uyole unaanza kuuona mji, na kwa kweli ukishauona hauishi.

Mbeya ni mtoto kwa Iringa. Ulianzishwa mwaka 1927, enzi za kukimbilia dhahabu ya Lupa huko Chunya, na mkoloni aliupanga kama alivyopanga miji yake mingine, kila rangi na mahali pake. Uzunguni kwa Wazungu, juu kabisa chini ya mlima Loleza, kwenye maji safi na hewa. Uhindini ikafuata chini yake, kwa wenye maduka. Waafrika wakapangiwa Majengo. Majina hayo matatu yapo mpaka leo na watu wanayataja bila kufikiri, "nishushe Uzunguni," kana kwamba ni jina la mti.

Uzunguni penyewe ni pazuri, nisiwe mchoyo. Miti mirefu, kivuli muda wote, nyumba za zamani zenye dohani na mahali pa kuotea moto sebuleni, na anayedhani hayo ni mapambo aje Mbeya mwezi Julai. Forest ya Zamani inafanana nayo, harufu ya mikaratusi inakufuata mpaka ndani. Lakini tulipopita jioni, saa kumi na mbili, nilishangaa. Nyumba moja ni ofisi ya shirika, inayofuata ni nyumba ya wageni, ya tatu ni kota ya mkubwa fulani wa serikali, ya nne imefungwa. Taa zilizowaka zilikuwa za walinzi. Gangilonga angalau wazee wanapalilia bustani zao. Hapa ushua ulikuwa umekaa kama suti ya marehemu kabatini, nzuri, imepigwa pasi, haina mvaaji. Dalali akatuambia ukweli wake: za kupanga hutoka mara chache, na zikitoka mwenye nyumba anangoja taasisi, hangoji bwana na bibi waliooana juzi.

Basi wenye pesa wa Mbeya wamekwenda wapi? Jibu la jiji hili ni kwamba wamekwenda kila mahali. Wapo Forest Mpya, wapo Block T, wapo Iwambi upande wa kwenda Mbalizi, wapo Uyole, wapo Itezi, na wengi zaidi wamejenga Isyesye. Pesa ya Mbeya ni ya biashara. Ni ya mchele wa Kyela na Usangu, ndizi na parachichi za Rungwe, viazi vya Uporoto, malori yanayokwenda Tunduma na ng'ambo, Zambia, Kongo. Mtu wa pesa hiyo hakurithi mtaa. Ananunua kiwanja anapokipata, anashusha matofali, na jirani yake anaweza kuwa mwalimu aliyejenga kwa mkopo wa miaka saba.

Hiyo ndiyo sababu ushuani wa Mbeya una fremu. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa fremu ni nini, lakini fremu ya Isyesye inahitaji kuonwa. Unakuta jumba la ghorofa moja, madirisha ya alumini, mabati ya kisasa, geti la kutelezesha. Ukuta wa mbele umetobolewa vyumba viwili vya biashara. Kimoja kinauza vocha, mafuta ya kula na unga. Cha pili ni saluni. Mwenye jumba anapaki gari la thamani ndani, mke wake yuko nje anapima mchele. Gangilonga ukijenga fremu barabarani nadhani lile jiwe litaongea tena.

Mimi sikupenda. Nilisema wazi kwamba mtu akifika mahali pa kuwa na geti, basi ajipumzishe na biashara nyuma ya geti. Mume wangu alisimama pale barabarani, vumbi likimpanda suruali, anatabasamu kama mtoto aliyeona keki.

Asubuhi iliyofuata tulirudi Isyesye kuangalia kiwanja kimoja alichokipata dalali. Hatujamaliza hata kukizunguka, mlango wa nyumba ya ng'ambo ukafunguka, akatoka dada wa umri wangu na mtoto mgongoni.

"Ugonile, majirani. Ndio ninyi mnanunua?"

"Bado tunaangalia, dada."

"Angalieni tu, lakini mjue maji hapa hayatoki kila siku, jengeni na tenki. Na kipindi cha mvua hiyo barabara mnayoiona, gari dogo liacheni juu." Dalali alikuwa anamkonyeza anyamaze, yeye anaendelea. Akatutajia mtaa mzima kwa dakika tano: kule daktari, huyu ana malori mawili, yule anafundisha chuo cha MUST, pale wamejenga wachumba hata hawajafunga ndoa, wazazi wamekasirika. Wote wana kundi la WhatsApp la mtaa, wanachanga mlinzi wa usiku na wanakodi greda mara moja kwa mwaka. Kabla hatujaondoka tulikuwa tumeshapewa parachichi sita kwenye mfuko.

Njiani mume wangu akaniambia habari ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia, na nimeolewa na Mnyakyusa miaka miwili. Zamani Wanyakyusa hawakukaa kwa ukoo. Walikaa kwa rika. Vijana wa kiume wakishafika umri fulani walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua nacho kile kijiji, wakaoa na kuleta wake zao humo humo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliliandikia jambo hilo kitabu kizima, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Raha ya kukaa na wenzako, mkila na kupiga soga, Wanyakyusa wanaiita ukwangala, na asiyekuwa nayo alihesabiwa mtu wa kutiliwa shaka.

"Sasa angalia," akasema. "Gangilonga tutakuwa wapangaji kwenye mji wa wazee. Watatupenda, sikatai, lakini wao wamemaliza kujenga. Isyesye wote ndio tunaanza. Tutazaa pamoja, tutagombana juu ya maji pamoja, watoto watakwenda shule kwa bajaji moja."

Nilimjibu kwamba hayo ni maneno matamu ya mtu ambaye mama yake yuko Tukuyu, kilometa 70 tu, wakati wangu atabaki Kihesa peke yake. Hapo, wasomaji wangu, ndipo tulipogombana. Sitawapa maneno yote. Inatosha kusema kwamba tulipita Mwanjelwa kimya, tukakaa kwenye foleni ya Mafiati kimya, lori mbele, lori nyuma, bajaji pembeni kama siafu, na nikasema jambo moja tu: "Hii ndiyo barabara ya kwenda kazini unayoniitia?"

Na hapo nina haki. Mbeya haina bahati ya Iringa. TANZAM inapita katikati ya jiji, kutoka Uyole mpaka Mbalizi, na kila lori la mizigo ya Zambia linapitia sebuleni kwa watu. Kazi ya kuipanua iwe njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, ndiyo kila mtu aliyoiwekea matumaini. Anayekaa Isyesye akafanya kazi mjini hana habari ya kurudi nyumbani kula mchana. Ile milo yangu kumi imekwenda. Hata ndege zilishahama: uwanja wa zamani uko mjini kabisa, lakini tangu ule wa Songwe ufunguliwe mwaka 2012, abiria anavuka jiji zima kwanza.

Jambo lingine hatukugombana juu yake, tulikubaliana mara moja. Dalali mwingine alitupeleka kwenye kiwanja upande wa Itezi, mgongoni mwa kilima, mandhari ya jiji zima na bei yake chini kuliko tulivyotegemea. Mahali pa kunywea chai ukiwa umevaa gauni la kulalia. Lakini Aprili 2024, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima Kawetele iliporomoka, tope likafukia nyumba na shule kule Itezi. Tulisimama pale, tukaangalia juu, tukaangalia chini, tukamshukuru dalali, tukamlipa hela yake ya usumbufu. Kwa mwenye kutafuta kiwanja Mbeya nasema hivi: mandhari ukiyapenda yapige picha, kisha nenda siku ya mvua uone maji yanapita wapi.

Zikabaki siku nne za likizo. Tulikaa chumba cha kupanga cha mume wangu, baridi ya Mbeya dirishani, tukapika mbalaga, tukachukua karatasi. Upande wangu: utulivu, mama, milo ya mchana, mji ninaoujua kila kona. Upande wake: kamisheni. Mkulima wa Mbeya ananunua mbolea na mbegu kwa kiasi ambacho tawi la Iringa halifikii, na mshahara wake karibu nusu ni kamisheni. Angehamia kwetu tungekula mchana pamoja kila siku, ila tungekula kidogo. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, hakutaka lionekane ni tishio. Mimi mshahara wangu ni ule ule, hata nikihamia Chunya.

Lakini si pesa iliyonigeuza. Ilikuwa ni yule mama wa Gangilonga, masikini, na roho yake nzuri. Nilijiona kwenye lile baraza lenye viti vinne, mume wangu yuko safari ya wakulima wiki nzima kama kawaida yake, kushoto mzee yuko Dar, kulia mlinzi. Miaka miwili nimekaa peke yangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Sikutaka kuhamia kwenye nyumba nzuri ya kukalia peke yangu. Yule dada wa parachichi mpaka leo sina hakika kama nitampenda, ana maneno mengi, lakini atagonga geti.

Barua ya uhamisho niliandika mimi. Mama alipigiwa simu kabla ya mwajiri. Akanyamaza kidogo, akauliza kama Isyesye kuna kanisa letu, akasema atakuja Krismasi aone. Kwa sasa tumepanga Block T, upande mmoja wa nyumba, wapangaji wenzetu ni nesi na fundi umeme na tunachangia luku, jambo ambalo ni mtihani wa tabia kuliko mahubiri yoyote. Kiwanja tumekichukua Isyesye, sehemu ya tambarare, si kile cha kwanza. Kabla ya kutoa hata shilingi tulikwenda ofisi ya ardhi ya jiji kuhakikisha kimepimwa na hakina mgogoro, na hati tumeiomba kwa majina mawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu mke na mume kumiliki pamoja, na fundi ramani aliyetuuliza "tuandike jina la mzee tu?" alijibiwa na mzee mwenyewe.

Msingi tumepanga kuuchimba mvua zikiisha. Ramani ipo mezani, imeshaanza kuchafuka. Mbele, upande wa barabara, mume wangu amechora fremu mbili. Nilizifuta kwa ufutio. Jumamosi iliyopita nimeikuta ramani amezirudisha kwa kalamu ya wino, na safari hii amemwongezea mmoja wa wapangaji wake jina: "Duka la mke wangu."